Sharti la Saba

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la vipimo. Upande wa mbele nitaandika sekunde. Upande wa nyuma, nikiligeuza, nitaandika yangu. Atakayelifungua upande huu bila kuniomba na ajue mapema kwamba hana adabu.

Leo tumepangiwa mradi. Somo letu la muhula huu mwalimu hulieleza kwa maneno marefu, lakini nyumbani nimelieleza hivi: ni hesabu za kumsaidia mtu kuamua, pale alipo na vitu vichache na mahitaji mengi. Kila kundi litafute mahali pa kweli penye tatizo la kweli, lipeleke jibu la kutumika. Kundi letu ni watu watatu, mimi, Pacha na Mzito. Pacha si ndugu yangu. Tumeandamana tangu mwaka wa kwanza mpaka walinzi wa lango wakatuita mapacha, na jina likamganda yeye. Yeye ndiye kichwa cha kompyuta. Mzito ni mzito wa kila kitu: wa mwili, wa kusema, wa kujibu ujumbe. Tulipewa tu, hatukumchagua.

Mahali nimepata mimi. Mama mdogo, aliyenilea tangu mama afariki, anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Wako kumi, wanawake watupu. Mvua zikianza shuka hazikauki, wadi zinapiga simu, na lawama zote zinawashukia wao. Nilipomwomba aniombee ruhusa aliuliza jambo moja tu, kama hesabu zetu hizo hazitamfukuza mtu kazi. Nikacheka. Nikamwambia hesabu hufuata masharti inayopewa, na masharti nitayaandika mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Tumekwenda kwa katibu wa hospitali. Mtu nadhifu, anasikiliza, haangalii simu ukizungumza naye. Anataka kila wadi ipate shuka safi kabla ya saa mbili asubuhi, hata wakati wa mvua. Nimempenda.

Jumatatu, 10 Machi

Tumeandika masharti. Mashine za kufulia ni mbili. Ya kukaushia ni moja, kwa sababu ya pili ilikufa mwaka jana na mpaka leo haijazikwa, imekaa tu pale mlangoni ikizuia njia. Kamba za nje hutumika kukiwa na jua. Wadi ya wazazi hupewa kwanza, chumba cha upasuaji hakingoji, na nguo za wagonjwa wa kuambukiza hazichanganywi na nyingine. Hayo ni sita. La saba nimeliandika kwa mkono wangu: idadi ya wafanyakazi isipungue kumi.

Pacha aliuliza hilo limetoka wapi. Nikamwambia limetoka kwangu. Akacheka, akaliingiza kwenye programu, tukaenda kununua chai.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Nimelowa mpaka soksi.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya vipimo. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa ya kupimia mkononi, nikajiona daktari. Mama mdogo akanitembeza kwa kila mmoja: huyu ndiye binti yangu, amebakiza muhula huu tu. Nikawaahidi kwamba sitaandika jina la mtu, nitaandika kazi na sekunde.

Sijawahi kuona watu wanafanya kazi namna ile. Shuka hukunjwa na watu wawili, mmoja huku na mwenzake kule. Wanaivuta, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena, na imekwisha. Sekunde kumi na tisa. Nilipima shuka arobaini na hazikuzidi ishirini na moja. Mama mdogo hukunja na Bibi Pasi, wamekuwa jozi kwa miaka kumi na miwili. Bibi Pasi aliitwa hivyo kwa sababu alianza kazi hapo enzi za pasi ya mkaa. Miguu yake imevimba, lakini leo amesimama asubuhi nzima bila kulalamika, na kila nilipopita aliniita mjukuu wake na kuniuliza kama nimeandika vizuri.

Nimeona aibu kwa uvivu wangu wa kuamka.

Ijumaa, 21 Machi

Siku ya pili ya vipimo, sekunde zilezile. Pacha amefurahi. Anasema hajawahi kuona vipimo visivyoyumba hivi.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Mama mdogo amerudi na harufu ya shuka mbichi, amelala kabla ya kula.

Ijumaa, 4 Aprili

Imefanya kazi! Pacha aliniita maabara ya kompyuta nikaenda mbio. Tukiwagawa wafanyakazi zamu mbili, na tukianza na shuka nzito wakati mashine ya kukaushia bado haina foleni, wadi zote zinapata kabla ya saa mbili kasorobo, mvua inyeshe isinyeshe. Watu kumi walewale, mashine zilezile. Nilimkumbatia Pacha, nikamkumbatia na Mzito pia kwa bahati mbaya.

Pacha alionyesha kitu kwenye jedwali. Alisema hawa watu wana saa nyingi wamekaa bure. Nikamwambia basi wapumzike, kwani kupumzika kuna kosa gani. Aliendelea kulitazama lile jedwali, nami nikatoka kumpigia simu mama mdogo.

Jumatano, 9 Aprili

Pacha alikwenda kwa katibu peke yake, kuchukua idadi mpya ya vitanda. Nilisema tungekwenda wote. Akasema asinisumbue na mvua hii. Nikaona ana huruma.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekaa kwenye ngazi za maktaba, naandikia gotini, kwa hiyo mwandiko ni huu huu.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa mwalimu, wenzake wawili, na katibu wa hospitali na karani wake. Mzito alieleza tatizo, polepole kama kawaida yake. Mimi nikaeleza vipimo. Watu walicheka nilipofika kwenye ile mashine ambayo haijazikwa. Nikakaa, nimetulia, nimeshamaliza kazi yangu. Pacha akasimama akaweka masharti ukutani. Nikayatazama kwa mazoea tu, kisha nikaona orodha ni fupi. Nikahesabu. Sita. Nikahesabu tena kwa kidole kwenye goti. Sita.

Akageuza picha. Akasema kwa ratiba hii kazi yote ya chumba cha kufulia inafanyika na watu sita. Alisema kwa sauti ileile anayotumia kuniambia nimuazime kalamu. Katibu akaandika. Mwalimu akasema hii ndiyo kazi safi kuliko zote alizoziona kwa miaka mingi, kwa sababu imethubutu kujibu swali gumu.

Sasa hili nataka niliandike bila kulipaka rangi. Mwalimu aliuliza kama kuna mwenzetu mwenye la kuongeza, na alinitazama mimi. Kulikuwa na nafasi. Ningeweza kusimama na kusema kuna sharti limefutwa. Nikatikisa kichwa kwamba sina. Nilijiambia sitaki kumwaibisha Pacha mbele ya watu, lakini hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilishasikia neno "safi kuliko zote", na niliitaka ile alama.

Kisha wakapiga makofi, na mikono yangu ikapiga pia.

Jumatano, 16 Aprili

Nilimkuta Pacha kwenye mkahawa wa chuo, meza yetu ya kila siku, ameniwekea kiti. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi ya yote.

Nikamuuliza alilifuta lini.

"Wiki iliyopita," alisema. "Katibu aliniambia tumejibu swali ambalo hakutuuliza. Anataka kujua wanatosha wangapi."

"Na mimi hukuniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

Nikamwambia bila shaka ningekataa, wale ni watu kumi, ninawajua kwa nyuso. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Halafu akasema, taratibu, bila hata kuinua sauti:

"Sharti lile halikuwa la hospitali. Lilikuwa la nyumbani kwenu."

Jibu lake nalitafuta mpaka sasa. Akaongeza kwamba katibu atampokea ofisini kwake kwa mafunzo ya kazi alama zikitoka, na kwamba alipanga kuniombea na mimi. Alisema hivyo kama mtu anayekukatia kipande cha mkate wako mwenyewe. Nikamuuliza Pacha kama Mzito anajua. Anajua. Aliliona siku moja kabla na akanyamaza.

Miaka mitatu tumekula sahani moja. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilidhani methali hiyo ni ya watu wasiojua kuchagua marafiki.

Jumatatu, 21 Aprili

Sijamwambia mama mdogo. Anaponiuliza mambo yalikwendaje, namwambia vizuri.

Ijumaa, 25 Aprili

Alama zimetoka. Sisi ndio wa kwanza. Mama mdogo amewaambia majirani wa pande zote mbili, na mwanawe wa darasa la sita amechora cheti cha karatasi akanibandikia mlangoni. Mvua haijakatika.

Jumanne, 29 Aprili

Leo saa tatu asubuhi karani wa katibu alibandika tangazo kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Mwisho wa Juni wafanyakazi wanne watapunguzwa, "kufuatana na utafiti wa kitaalamu". Majina yatatajwa baadaye. Mama mdogo alinipigia simu, akanisomea tangazo lote kwa sauti isiyo na kitu ndani, kisha akakata.

Nilikwenda bila kuwaarifu, na kwa kuwa sikuwaarifu niliwakuta kama wanavyokuwa siku zote. Katikati ya chumba kulikuwa na kiti kimoja cha mbao. Bibi Pasi alikuwa amekikalia, miguu juu ya ndoo iliyofunikwa, anashona vifungo vya nguo za wagonjwa. Baada ya robo saa akainuka, akakaa mwingine, naye akapokea vifungo. Sakafu ni ya saruji, mvuke ni mwingi, na zamu ina urefu wa saa tisa. Kila mmoja hupata zamu yake ya kiti, na Bibi Pasi hupewa mbili. Ndivyo walivyofanya miaka yote, na ndivyo kazi inavyofika jioni bila mtu kuanguka.

Siku za vipimo sikukiona kiti hicho. Nikauliza kilikuwa wapi. Wakatazamana.

"Tulikificha nyuma ya magunia ya sabuni," Bibi Pasi alisema. "Mama yako alituambia unapimwa shuleni. Tukasema mtoto asije akaaibika na wazee wavivu. Tukakimbia."

Walikimbia kwa ajili yangu. Siku mbili nzima, wanawake kumi walikimbia ili mimi nifaulu, na mimi nikaandika mbio zao kama ndiyo kasi yao. Pacha alifuta mstari mmoja, lakini hata asingeufuta, daftari lote la mbele ni uongo, na ni mimi niliyeliandika.

Nilitoa saa nikapima jozi moja iliyokuwa inakunja huku wakipiga soga. Sekunde thelathini na moja.

Wengine hawakuzungumza nami. Mmoja alimwambia mama mdogo, akiutazama ukuta, kwamba angewaambia mapema kuwa analeta mpimaji wa makaburi. Mama mdogo aliendelea kukunja. Bibi Pasi ndiye aliyemjibu, kwamba mtoto hakujua na mama yake hakujua, waache maneno.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemwambia mama mdogo yote. Sharti lilivyofutwa, na kwamba nililiona ukutani nikanyamaza. Hili la pili lilinichukua muda kulitamka.

Hakunifokea. Aliuliza, "Siku ngapi?"

Nikamwambia kumi na nne, tangu siku ya ukumbini mpaka tangazo.

Akasema katika siku hizo kumi na nne mimi nilikuwa nikiingia humu, nikila, nikimjibu vizuri. Angejua angewahi kumwona katibu kabla hajaandika chochote. Pacha, alisema, yeye hamdai kitu, kwa sababu hakumlea. Kisha akaenda kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Nimelia. Sina haja ya kupamba.

Ijumaa, 2 Mei

Nilikwenda kwa mwalimu kuiondoa ripoti. Nilimweleza kuhusu kiti. Alivua miwani, akanieleza maana yake: vipimo si sahihi, basi mradi hauhesabiki, na mimi niliyepima nitarudia somo mwakani. Wenzangu watasahihisha kazi yao. Akaniuliza kama nimefikiri. Nikamwambia sikufikiri tarehe kumi na tano, leo nimefikiri. Nikatia sahihi.

Nje nilimkuta Mzito ananingoja kwenye mvua bila mwavuli. Alinipa nakala ya programu ya zamani, yenye masharti saba, aliyoihifadhi. Alikuwa ameingiza sekunde thelathini na moja badala ya kumi na tisa. Watu sita hawawezi. Watu wanane wanachelewa. Kumi wanatosha kwa shida. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza siku ile. Akasema alingoja mimi niseme, kwa sababu ni mimi niliyekuwa na mtu mle ndani.

Nimemkosea adabu yule kijana tangu Machi.

Jumanne, 6 Mei

Katibu alitupokea, mimi na Mzito. Pacha alikuwa ameshakaa kwenye meza ndogo ya pembeni, amevaa kitambulisho cha hospitali, hakuinua uso. Katibu alisikiliza mpaka mwisho, kama zamani, na safari hii usikivu wake ulinitia baridi. Hakubishana. Alisema kama vipimo vina walakini basi vipimwe upya, wiki ijayo, na karani wake. Karani ataandika na majina, ili ijulikane nani anaweza kazi.

Nilisema majina hayahitajiki kwenye hesabu. Akasema kwenye hesabu yangu hayahitajiki.

Jumapili, 11 Mei

Wenzake mama mdogo wote tisa wamekuja nyumbani, hata yule wa mpimaji wa makaburi. Mama mdogo ndiye aliyewaita. Walikaa mpaka kwenye ngazi. Niliwaeleza kwa lugha nyepesi: wakifanya kazi kama siku zote, kiti kikiwa katikati, hesabu yenyewe itasema kumi. Hakuna anayehitaji kudanganya. Waache tu kukimbia. Lakini wote, kwa sababu jozi moja ikikimbia, zile nyingine zitaonekana zinavuta miguu.

Mama mdogo alisimama akasema hakuna atakayekimbia. Mmoja mmoja waliitikia. Bibi Pasi alisema kwa miguu yake hiyo ahadi ni rahisi, wakacheka, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Wageni walipoondoka, mama mdogo alinishika bega. Nilijua amenisamehe, au ameanza.

Jumanne, 13 Mei

Mvua imekatika leo. Niliruhusiwa kusimama mlangoni, nisiseme neno. Karani alikaa mezani na karatasi yenye nafasi ya majina kumi, na saa nzuri kuliko yangu. Kiti kilikuwa katikati.

Saa ya kwanza walishika ahadi. Jozi ya dirishani thelathini, jozi ya pembeni thelathini na mbili. Karani aliandika. Kisha akaja kwenye meza ya mama mdogo na Bibi Pasi, akasimama karibu, akauliza majina, akayaandika kwa herufi kubwa.

Shuka ya kwanza walikunja kama kawaida. Ya pili mama mdogo aliivuta mapema kidogo. Nilidhani imeteleza. Ya tatu aliivuta kabla mwenzake hajashika pembe vizuri, akamfuata mpaka kwake, akazichukua pembe mikononi mwake, akakunja, akaweka. Hakunitazama. Ya nne Bibi Pasi alijaribu kuifuata kasi. Alipiga hatua mbili, akashika meza. Ya tano aliachia upande wake. Aliacha tu kitambaa kiteremke, akaenda akakaa kwenye kiti, na haikuwa zamu yake. Mama mdogo aliimalizia peke yake. Karani aliandika muda, akaandika na mahali Bibi Pasi alipokaa.

Baada ya hapo jozi zote zilikimbia.

Nilimtangulia nyumbani. Alipoingia alivua viatu, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi. Nilikuwa na maneno mengi nimeyapanga njiani tangu lango la hospitali. Alianza yeye.

"Nina mtoto wa darasa la sita," alisema, "na nina wewe mwaka mwingine mzima."

Nilimwambia kwamba Bibi Pasi ndiye aliyemtetea siku ya tangazo. Akasema anajua. Akamenya viazi viwili, vitatu. Kisha akaniuliza kama karani, mwishoni, aliandika sekunde za jozi au za kila mtu peke yake.

Nilikuwa nimeiona karatasi. Nikamwambia za kila mtu peke yake.

"Basi vizuri," akasema, na kunisogezea kisu cha pili nimsaidie.